Mwalimu, Mpunguzie Favour Maneno

Jairo Otuoma,
Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya stendi,
Buzuruga, Mwanza.

Mwalimu wa Darasa la Awali,
Shule ya mtaani kwetu.

Ndugu Mwalimu Suzana,

YAH: MJUKUU WANGU KUFUNDISHWA KUANDIKA MPAKA AKAJUA

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, tena sana.

Natumaini barua hii itakukuta salama na kwamba sauti yako iliyokaukia kwenye vumbi la chaki imerudi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na huo mgongo utaukuta huko chini kwenye malalamiko namba nne.

Mimi ni babu yake Favour, yule msichana mwenye pengo la meno ya mbele anayekaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Nilikuwa msimamizi katika kiwanda cha samaki hadi nilipostaafu. Siku hizi nafuga kuku, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Najitambulisha hivi ili ujue kwamba anayelalamika ni mtu mwenye akili timamu. Elimu siipingi. Binti yangu Odeta nilimsomesha mwenyewe mpaka akawa muuguzi, na matokeo yake ndiyo hayo, kaajiriwa Dodoma.

Niseme kwanza kinachoniuma, usije ukadhani nimekosa kazi ya kufanya. Favour nakaa naye tangu alipoacha kunyonya. Marehemu mke wangu, Akelo, ndiye aliyempokea. Akelo alipofariki tukabaki wawili, mimi na mtoto, na tumezoeana. Sasa Odeta amempatia nafasi katika shule moja huko Dodoma, na shule hiyo darasa la kwanza inachukua watoto wanaoweza kuandika maneno ya kawaida bila kunakili. Tukakubaliana kwa simu: siku Favour atakapoweza, mama yake anakuja kumchukua. Asipoweza mpaka muhula huu uishe, anabaki kwangu mwaka mwingine mzima. Nilikubali haraka haraka, Mwalimu, kwa sababu nilikuwa nimemwona mjukuu wangu akishika penseli. Aliishika kama mtu anayekoroga uji. Nikajua mwaka wangu ninao mfukoni. Ndipo ukahamishiwa hapa wewe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Unafundisha vizuri kupita kiasi. Mwalimu aliyekutangulia, Mungu amtunze huko alikohamia, alikuwa akiwaimbisha watoto a-e-i-o-u mpaka saa ya uji, na hakuna mzazi aliyesumbuka. Wewe ulipofika ukaagiza kila mtoto aje na sinia na mchanga wa ziwani uliochekechwa. Nilidhani ni vitu vya kuchezea. Nikatoa sinia letu la ugali, nikaenda ufukweni kuuchota mchanga kwa mikono yangu na kuuchekecha mwenyewe, nikiwa nacheka. Kumbe unawafanya waandike neno kwa kidole mchangani, kisha wafuatishe vitone kwa penseli, kisha wanakili, kisha wafunike na kuliandika kutoka kichwani huku wakilitamka. Na maneno yenyewe unachagua yale wanayokutana nayo kila siku: maji, chai, mlango, kuku, babu. Mtoto akitoka shuleni anakutana na somo lake kila anakogeuka. Atalisahau saa ngapi? Mwanzoni "maji" yake ilikuwa imelala chali. Baadaye ikaanza kukaa. Sasa imesimama juu ya mstari, imenyooka kuliko mwandiko wa katibu wetu wa kanisa, na mimi ugali nalia kwenye mfuniko wa sufuria.

2. Kazi ya kubandika. Uliwaambia watoto kwamba neno wakishaliandika kwenye kipande cha boksi walibandike kwenye kitu chenyewe, na kwamba halibanduliwi mpaka mtoto aweze kuliandika bila kulitazama. Sheria hiyo Favour anaisimamia kuliko mgambo wa jiji. Gundi ni uji mzito wa muhogo, anaupika mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni. Nyumba yangu sasa inasomeka kuanzia mlangoni. Kiti kimeandikwa KITI, meza imeandikwa MEZA, na ndala zangu zina neno NDALA, moja kwa kila mguu. Daktari alinikataza sukari. Nilikuwa na kopo langu moja juu ya kabati ambalo kila mtu aliamini ni la chumvi, na hatukuwa na ugomvi na mtu. Favour akapanda kwenye KITI, akaonja ili asije akakosea kazi ya mwalimu, akabandika SUKARI. Sasa kila nikinyoosha mkono analisoma kwa sauti, kisha ananitazama.

Kuku nao waligundua kwamba maneno yanabandikwa kwa muhogo. Wakala neno DIRISHA. Wakaingia ndani wakala SAHANI na nusu ya KABATI. Na kila neno linaloliwa inabidi liandikwe upya, kwa hiyo hata kuku wangu, ninaowalisha mimi, wamekuwa wasaidizi wako.

3. Simu ya Jumapili. Odeta hupiga ile simu ya kuonana uso kwa uso. Nilikuwa nimeshamweleza mama huyu kwamba mwanawe bado anakoroga uji na penseli, na kwamba tuwe na subira. Lakini nitakaa wapi ndani ya nyumba hii nizungumze naye? Nikigeukia ukutani kuna UKUTA. Nikigeukia jikoni kuna orodha nzima. Nikaamua kuielekeza simu juu, maana huko nilikuwa na hakika ni salama. Sikujua kwamba asubuhi ile jirani yangu Luhende, fundi rangi, alikuwa ameombwa na mtoto apande ngazi kidogo. Odeta akaniuliza, "Baba, hiyo DARI imeandikwa na nani?" Nikamwambia ni Luhende. Na kweli, aliyepanda ni Luhende. Odeta akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akasema anaomba likizo. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

4. Ubora wa mafundisho yako unaharibu hata mafundisho ya watu wengine. Baada ya habari ya likizo niliona nitafute dawa mwenyewe. Nikafikiri hivi: kama maneno ya kawaida ndiyo yanayompeleka mtoto Dodoma, basi apewe yasiyo ya kawaida, asiyoweza kuyatumia popote. Nikamfundisha "theluji". Nikamweleza kwamba ni maji yaliyoganda yakawa meupe, yako juu ya Kilimanjaro, mbali kabisa na sisi. Akafikiri kidogo, akafungua friji, akabandika THELUJI pale juu kwenye barafu.

Nikaona nimefanya uzembe. Nikachagua "ngamia". Nikamweleza kwamba ni mnyama mrefu, ana nundu mgongoni, anatembea polepole, halalamiki, na anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji. Hapa Buzuruga hakuna ngamia. Nikalala vizuri. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nikavaa koti langu la heshima, nikaenda kanisani na kupitisha kikapu cha sadaka safu kwa safu. Waumini hawajawahi kunifurahia kiasi kile. Wengine walinifuata kwa macho mpaka nilipofika mbele, na mimi nikasema moyoni kwamba kumbe wema wa mtu huonekana. Katibu ndiye aliyenibandua neno mgongoni, katikati ya wimbo. Kwa haki niseme kwamba mwandiko ulikuwa mzuri. Nilipofika nyumbani nilimkalisha mtoto nikamuuliza sababu, naye hakuwa na utani hata kidogo. Alinijibu, "Babu, nilitafuta nyumba nzima, ni wewe tu."

5. Geti. Hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Luhende alimpa Favour rangi nyekundu iliyobaki kwenye kazi yake. Kuku hawali rangi, kwa hiyo mtoto akaamua kuyaandika upya maneno yote ya jikoni, kwa herufi kubwa, kwenye maboksi mapana. Rangi inahitaji kukauka na jua la asubuhi linapiga getini, basi akayaning'iniza getini kwa vibanio vya nguo, upande wa barabarani. Na wewe wiki hiyo ulikuwa umewafundisha "karibu", kwa hiyo hilo akaliweka juu ya mengine yote. Mimi niko jikoni nakaanga sato, sina habari. Hebu jiweke kwenye nafasi ya msafiri anayetoka stendi na njaa yake, anafika kwenye geti la bluu, anasoma: KARIBU. CHAI. UGALI. WALI. SAMAKI. MAHARAGE.

Wa kwanza walikuwa bwana na bibi waliokuwa wakisubiri basi la Musoma lililochelewa. Wakaingia. Wakakuta ndoo imeandikwa MAJI na kisahani kimeandikwa SABUNI, wakanawa. Wakakaa kwenye KITI, mbele ya MEZA. Bwana akageuka akaniita kwa adabu zote, "Mzee, samaki wapo?"

Kwetu Rorya, Mwalimu, mtu akishanawa mikono nyumbani mwako huwezi kumwambia kwamba amekosea nyumba. Ni sawa na kumwinua mezani, na habari ingefika kwetu kabla basi halijaondoka Buzuruga. Nikasema wapo. Wakala vizuri, wakaomba wajue bei. Nikawajibu kwamba hiki ni chakula cha nyumbani, hakiuzwi. Wakanielewa nusu. Kufikia mchana stendi nzima ilikuwa inajua kwamba kuna mgahawa mpya nyuma, unaitwa Chakula cha Nyumbani, na kwa sasa wako kwenye ofa ya ufunguzi.

Tangu hapo sijapumzika. Shimba, kondakta wa magari ya Kisesa, anawatangazia abiria jina la mgahawa wangu kabla gari halijasimama. Mama mmoja alilalamika kwamba chai haina sukari, na mjukuu wangu akampeleka moja kwa moja kwenye kopo langu. Bwana Kushal mwenye duka la vyombo kule Mabatini amenipigia kuniuliza kama nitahitaji sahani za jumla, na akanipongeza kwa kuanza biashara katika umri huu.

Utaniuliza kwa nini sikuyatoa maboksi getini. Ni sheria yako, Mwalimu. Halibanduliwi neno mpaka mtoto aweze kuliandika bila kulitazama. Yaani ili geti langu liwe geti, lazima Favour ayajue maneno yote, na akiyajua yote anakwenda Dodoma. Nilikaa nikapima. Upande mmoja kulisha abiria wa mikoa mitatu, upande mwingine kumpoteza mtoto. Nikachagua kupika. Kila alipokuja kwangu na kipande chake kuonyesha kwamba neno ameliweza, nilivaa miwani, nikaguna, nikamwambia hiyo "h" naiona inachechemea, mwanangu, tuliache neno kesho pia. Ninakiri bila aibu kwamba "h" haikuwa na tatizo lolote.

Lakini sikujua kwamba mgahawa una kazi zake. Mimi nikiwa motoni, ni nani atapokea oda? Favour alikuwa akizunguka na penseli na vipande vya boksi, anasikiliza, anaandika, ananiletea jikoni: CHAI CHAI UGALI SAMAKI. Abiria wakampenda, wakawa wanaagiza hata wasichokihitaji ili wamwone akiandika. Kwa asubuhi moja ya Jumamosi anaandika mengi kuliko anavyoandika kwako wiki nzima, na hana mahali pa kunakili, maana oda iko mdomoni mwa mtu. Kwa hiyo, Mwalimu, nilipika ili mtoto asijue kuandika, na kule kupika ndiko kulikomfanya ajue. Mengine ameyatoa mwenyewe kwa kuyaweza; getini limebaki neno moja, lile la juu.

Nisikufiche. Naiogopa nyumba hii ikiwa kimya. Akelo alipoondoka nilikuwa nasikia mpaka saa ya ukutani, nikawa naitoa betri mchana. Kilichoniponya ni kuwa na mtu mdogo wa kuniuliza kwa nini kuku hana meno na kwa nini babu anaongea peke yake. Huyo ndiye unayemwondoa, neno kwa neno, kwa mshahara wa serikali.

Kutokana na maelezo hayo, naomba yafuatayo:

(a) Watoto wafundishwe neno moja kwa muhula. Likiwa gumu, ligawanywe kwa mihula miwili.

(b) Mchanga wa kuandikia uchanganywe na kokoto. Kokoto nitaleta mimi, na usafiri ni juu yangu.

(c) Kwenye ripoti ya Favour uandike "anaendelea". Ni neno zuri, wazazi wote tunalipenda, na hakuna aliyewahi kuuliza mtoto anaendelea kwenda wapi.

(d) Kama hayo matatu yatashindikana, arudishwe yule mwalimu wa a-e-i-o-u. Niko tayari kumfuata huko aliko na kumbebea mizigo.

Niko tayari pia kufika mbele ya kamati ya shule wakati wowote, isipokuwa kati ya asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ya wateja.

Nisalimie walimu wote, nikianza na mwalimu mkuu. Msalimie mama wa uji, mwambie uji wake Favour anausifu kuliko wangu na sijachukia. Msalimie mlinzi wa getini. Wasalimie wazazi wako, na watoto wote wa darasa la awali, wanaojua na wasiojua.

Wako katika ujenzi wa taifa, ila polepole,

Jairo Otuoma

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa, kwa taarifa.
Kondakta Shimba, kwa utekelezaji. Awashushie watu stendi, asiwashushie kwangu.

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii na natafuta bahasha. Favour akaja, akauliza inakwenda kwa nani. Nikamwambia ni ya mwalimu wake, ataibeba mwenyewe Jumatatu. Akataka kujua kama asingekuwepo wa kuibeba, barua ingejuaje njia. Nikamweleza: juu ya bahasha unaandika jina la mtu, sanduku lake la posta na mji wake, basi hata kama ni mbali inafika. Akaishika bahasha, akaitazama mbele na nyuma. Kisha akasema, "Babu, nikiwa Dodoma nitaandika nini hapa juu ili ifike kwako?"

Habari ya Dodoma mimi sijawahi kumwambia. Nilikuwa namficha. Kumbe alikuwa anaijua muda wote huo niliokuwa napikia stendi nzima, na alikuwa anajifunza kwa sababu yake mwenyewe. Nilitoka nje nikasimama na kuku kwa muda, ndipo nikarudi kuandika haya.

Mwalimu, futa maombi yote hapo juu, kuanzia (a) mpaka (d). Badala yake nakuomba kuanzia Jumatatu umfundishe haya: Jairo. Otuoma. Buzuruga. Mwanza. Afuatishe kwanza mchangani, kisha vitone, kisha afunike aandike mwenyewe, kama unavyofanya. Najua si maneno ya darasa la awali, lakini kwake yatakuwa ya kila siku. Umwongezee mazoezi, hata saa ya mapumziko ikibidi, na mkali kidogo uwe. Mama yake amepewa likizo, anafika wiki ijayo, na jina langu ni refu kwa mkono wa mtoto.